Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Bodi ya chama chetu cha mawakala wa utalii

Arusha

Kwa: Ndugu Mwenyekiti,
Wajumbe wa Bodi,
Katibu Mtendaji na Sekretarieti.

YAH: KUSITISHA UCHAPAJI WA KITABU CHA HISTORIA YA CHAMA

Ndugu Mwenyekiti,

Kwanza poleni na pilika za msimu. Najua barua hii inawakuta magari yakiwa porini na simu hazipoi, na najua pia mngependa niilete ofisini kimyakimya kama nilivyozileta za awali. Zile za awali ziligongwa mhuri wa "imepokelewa", zikaingia kwenye faili, na hadi leo sijapata jibu, hata la ujumbe wa simu. Nikasimama kwenye mkutano mkuu, nikaambiwa ajenda zimejaa, nisubiri "mengineyo". Mengineyo yalipofika, vifuniko vya hotpoti vilikuwa vimeshafunuliwa na wajumbe wameshainuka. Ndiyo maana leo naandika mbele ya wanachama wote, na mbele ya yeyote anayekula kwa kazi hii.

Jina la chama silitaji. Wanachama wanalijua, na sina nia ya kuwachafua kwa mawakala wa ng'ambo ambao hata mimi nawategemea. Nitakapotaja vyama vingine, kama wenzetu wa TATO, chama cha mawakala wa Tanzania, au KATO cha Kenya, nataja yaliyo wazi kwa kila mtu, wala sina ugomvi nao.

Ninachozungumzia ni rasimu ya kitabu cha kumbukumbu ambayo sekretarieti iliisambaza kwa "maoni madogomadogo kabla ya kwenda kiwandani". Nimeisoma yote. Sehemu kubwa ni picha za wenyeviti wakipeana mikono na mawaziri, na kati ya picha na picha kuna aya za kushukuru. Maoni yangu si madogomadogo. Naomba kitabu hiki kisichapwe kama kilivyo, kwa sababu chama kisichokumbuka kilipigania nini, kilishinda wapi na kilishindwa kwa nini, kinaingia kwenye kila kikao na serikali kama kimesajiliwa juzi. Tumekuwa tukifanya hivyo kwa miaka mingi na gharama yake tumeilipa sisi wenye magari.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977 kumerukwa.

Rasimu inaanza siku ya usajili. Kabla ya hapo hakuna kitu, utadhani nyumbu walikuwa wanasubiri tupate cheti ndipo wavuke mto. Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu 1951. Ngorongoro ilitengwa kuwa eneo la peke yake mwaka 1959. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa 1971 ili wageni washukie huku kaskazini badala ya kupitia Nairobi. Shirika la Utalii Tanzania, lile la TTC, lilikuwa na hoteli na kampuni zake za kusafirisha wageni, State Travel Service ikiwa mojawapo. Watu binafsi walikuwapo, lakini wageni wengi waliofika kreta walikuwa wameshanunua safari nzima Kenya: wanashuka Nairobi, wanavuka Namanga, wanapita Manyara, Ngorongoro na Seronera, kisha wanatokea Masai Mara, Kenya, kupitia lango la mpakani la Bologonja. Mgeni alikuwa anaona wanyama wetu kwa risiti ya Nairobi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakilalamikiwa Arusha na Dar es Salaam, na anayetaka kujua kwa nini watu wa huku ni wagumu mpaka leo wakisikia habari ya kufungua Bologonja, aanzie hapo.

Kisha ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, ndege za East African Airways zilikuwa zimeshasimama, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya kitalii na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiliwa. Wazo lilikuwa kwamba mgeni sasa atashuka KIA na hela itabaki hapa. Lakini mgeni hakuja kwa sababu tumefunga geti la jirani. Wengi walibaki Kenya, wakaenda Mara na Amboseli na pwani ya Mombasa, na huku vitanda vya hoteli za serikali vikalala bila watu. Hilo nalo ni somo, na lilimgharimu kila aliyekuwa kazini wakati ule, wa serikalini na wa binafsi.

Mwaka uliofuata, 1978, wenzetu wa Kenya wakaunda KATO. Mpaka ukaja kufunguliwa Novemba 1983, baada ya wakuu wa nchi tatu kukubaliana mgawanyo wa mali za Jumuiya hapahapa Arusha. Na 1983 ndio mwaka ambao TATO wanauandika kuwa mwaka wao wa kuanzishwa. Sisemi kwamba mpaka ndio uliovizaa vyama hivi. Nasema tarehe zimekaa karibu kiasi kwamba anayejiita mwandishi wa historia alipaswa angalau kuuliza.

Tena 1983 haukuwa mwaka mzuri wa kujiita mfanyabiashara. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu wakitupa bidhaa usiku ili zisikutwe stoo. Spea za Land Rover hazipatikani, mafuta ya shida, na fedha za kigeni hadi uzipigie magoti benki. Biashara yenyewe, kumbuka, ni ya kupokea dola kutoka kwa Wazungu. Katika hali hiyo watu binafsi kukaa pamoja na kusema waziwazi kwamba wana maslahi ya pamoja, na kwamba watakwenda wizarani kuyasemea, lilikuwa jambo la kutolea jasho. Nafuu ilianza 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, ikaongezeka chini ya Mzee Mwinyi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 TTC ikapisha Bodi ya Utalii na biashara ikawa ya watu binafsi kweli. Waasisi wa vyama vyetu, vikubwa kwa vidogo, ni watoto wa kipindi hicho. Rasimu yenu inawaita "wafanyabiashara wachache wenye maono". Maono gani? Walikuwa wanatafuta matairi!

2. Mafaili yetu yanaoza.

Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu linaudhi. Ofisi ilipohamishwa, kumbukumbu za vikao na barua za zamani ziliwekwa kwenye maboksi, na maboksi yakapelekwa stoo ya nyuma. Nimeingia stoo hiyo. Boksi moja limekaa chini ya tangi la maji lenye kuvuja. Ndani kuna mihtasari ya vikao iliyopigwa taipu, nakala za kaboni zile za rangi ya bluu, pini zimeshika kutu mpaka zimetoboa karatasi, na kona moja ya rundo imeshaliwa na mchwa. Nilipomuuliza mhusika, akaniambia mambo ya zamani "yako kwenye mtandao". Nimeangalia. Kwenye mtandao kuna aya tatu, na mbili kati yake zinazungumzia dira na dhamira.

Sasa mwandishi wenu aliandika historia kutoka wapi kama hakufungua maboksi? Aliandika kutoka kwenye albamu ya picha. Inaonekana.

3. Waliofanya kazi hawana majina.

Kuna ukurasa mmoja ambao naomba kila mjumbe wa Bodi aufungue kabla hajasaini chochote. Una picha nzuri sana ya Land Rover 109, turubai limekunjwa, tairi la akiba juu ya boneti. Mbele yake wamesimama watu watatu: Mzungu wa kiume mwenye kofia, Mzungu wa kike mwenye kamera, na dereva aliyeweka mguu mmoja juu ya bampa. Maelezo chini ya picha yanataja jina la mgeni wa kwanza na nchi anayotoka, yanataja jina la mgeni wa pili, kisha yanamalizia: "pamoja na dereva wao". Yule aliyekuja kwa wiki mbili tunamjua kwa majina mawili. Aliyewapeleka na kuwarudisha salama, na huenda alifanya hivyo maisha yake yote, ni "dereva wao".

Dereva gaidi, yaani dereva ambaye pia ndiye mwongozaji wa wageni, wa miaka ile hakuwa na redio ya kuulizia simba wako wapi. Alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe, mpishi ikibidi, mkalimani, na mara nyingi ndiye aliyemfundisha kazi huyo ambaye leo ni mkurugenzi. Baadhi ya kampuni za wanachama wenu zimeanzishwa na madereva gaidi waliochoka kusubiri mshahara, wakanunua gari moja kuukuu kwa mkopo wa ndugu. Hiyo ni historia ya chama kuliko picha ya hafla yoyote ya hotelini.

Na mlimani, Kilimanjaro, ni vilevile. Dunia inafahamu kwamba Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller. Huku kwetu jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu linatajwa kama kiongozi wa njia, na limebaki kwa sababu wenyeji walikataa lipotee. Chama cha mawakala hakikuhusika hata kidogo. Baada yake wamepita waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, maelfu. Rasimu inawapa wagumu sentensi moja, "uti wa mgongo wa utalii wa mlima", na kuendelea na mambo mengine. Uti wa mgongo huo umebebeshwa nini? Kanuni ni kilo 20 za mzigo wa mgeni na kambi, na kila mtu wa mlimani anajua kwa nini palihitajika mizani getini. Anajua pia kwa nini tangu 2003 kuna mradi maalumu Moshi wa kuwatetea wagumu, KPAP, wa kuhimiza wapate viatu, jaketi, milo na ujira wa kueleweka. Mradi kama huo hauzaliwi mahali ambapo waajiri wanafanya vizuri. Sisi kama waajiri tulisimama upande gani kwenye vikao vya ujira? Nani alisema ndiyo, nani alisema kampuni zitafilisika? Mihtasari ipo, iko chini ya lile tangi la maji.

Sitaki kumuumbua mtu. Lakini kitabu cha historia kinachosema chama "kimekuwa mstari wa mbele kutetea wapagazi wakati wote" kitasomwa na wapagazi wenyewe, na watacheka kwa sauti.

4. Kila mwaka tunaanza upya mbele ya serikali.

Hii ndiyo hoja iliyonifanya niache kunyamaza, nawaomba mnivumilie.

Juni 2016 bajeti ilisomwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikaingizwa kwenye huduma za utalii, kuanza Julai mosi. Mnakumbuka tulivyohangaika. Safari za Julai, Agosti na Septemba zilikuwa zimeshauzwa tangu mwaka uliotangulia, kwa bei iliyokubaliwa kwa maandishi na wakala wa Ujerumani au Marekani ambaye naye ameshamuuzia mteja wake. Ada ya Serengeti, wakati ule dola 60 kwa mgeni kwa siku, ukiweka asilimia 18 ilikuwa 70.80. Wageni wanne watu wazima kwa siku tatu ni nyongeza ya dola 129.60 kwenye geti moja tu, hujagusa huduma nyingine. Nani alilipa? Wachache walithubutu kurudi kwa wakala kuomba nyongeza. Wengi tulilipa mfukoni tukacheka na mgeni.

Hoja yetu mbele ya serikali ilikuwa ya haki kabisa: toeni taarifa mapema, angalau mwaka, kwa sababu bidhaa yetu inauzwa kabla haijatumika. Na ilikuwa hoja ya zamani. Ada za hifadhi zilishawahi kupanda ghafla kabla ya hapo, zaidi ya mara moja, na kila mara vyama vilikwenda kulalamika kwa maneno yaleyale. Kama chama kingeingia kwenye kikao cha 2016 na jalada moja linaloonyesha, mwaka kwa mwaka, lini ada ilipanda, taarifa ilitolewa siku ngapi kabla, chama kiliandika nini, serikali ilijibu nini, na baada ya hapo nini kilitokea kwa wageni, tungekuwa tunazungumza kwa vielelezo. Mwaka huohuo Kenya, iliyokuwa imeweka kodi kama hiyo 2013, ikaamua kuiondoa kwenye ada za hifadhi. Jirani alikuwa ameshatufanyia jaribio, matokeo yapo. Nani katika sisi alikuwa ameyakusanya? Tulikwenda na hisia na makadirio ya haraka ya mtu mmoja kwenye laptopu.

Mfano mwingine. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya kitalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta. Arusha kukawa na taharuki, mashati yakafunguliwa vifungo, utadhani jambo limeshuka kutoka mbinguni. Wakenya wakasema wanatekeleza makubaliano ya utalii ya mwaka 1985. Tukaanza kuulizana makubaliano gani! Makubaliano yaliyoandikwa baada ya mpaka kufunguliwa, yaliyopanga gari la nchi moja linaweza kumfikisha mgeni wapi katika nchi nyingine, na ambayo sisi wenyewe ndiyo tuliyokuwa tukiyatumia kuzuia magari ya Kenya yasiingie hifadhini kwetu. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, na hatimaye ikabidi Rais Kikwete na Rais Kenyatta walimalize wao wenyewe walipokutana Windhoek. Marais wawili, kwa jambo ambalo vyama vya pande zote mbili vilikuwa na miaka 30 ya kulikalia mezani. Rasimu yenu inalitaja kwa mstari mmoja: "changamoto ya usafiri wa mpakani ilitatuliwa." Ilitatuliwa na nani? Kwa nini ilitokea? Ikirudi kesho, chama kitafungua ukurasa gani?

Na barabara ya lami ya Serengeti je? Mwaka 2010 mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa hifadhi uligawa watu wa sekta hii vibaya. Wapo waliosema wananchi wa Loliondo na Mugumu nao wana haki ya barabara, wapo waliosema nyumbu wakikatwa njia hatuna biashara, na wapo waliosema tusimuudhi mkubwa. Kesi ikafunguliwa na shirika la kutetea wanyama la Nairobi, ikasikilizwa kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki hapahapa mjini kwetu, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhini. Chama chetu kilikuwa na msimamo gani? Mimi najua kilichosemwa ukumbini, kwa sababu nilikuwepo. Kilichoandikwa sijakiona. Kwenye kitabu hakuna hata neno.

5. Wadogo hawamo.

Leseni ya TALA, ile ya kufanya biashara ya utalii, ilipokuwa dola 2,000 kwa mwaka kwa kampuni ya Mtanzania, mwenye magari mawili alilipa sawa na mwenye magari themanini. Wengi walishindwa, wakafanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine, wakabandikwa jina la "kampuni za mfukoni" na chama chao wenyewe kikawa kinashangilia msako. Najua mfukoni kulikuwa na matapeli. Wageni waliachwa uwanja wa ndege bila gari na sote tukaona aibu. Lakini kulikuwa pia na watu waaminifu waliobanwa na ada, na baadhi yao leo ni wajumbe wa heshima. Andikeni yote mawili.

Ndugu Mwenyekiti, najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshakisikia kikisemwa kwenye korido.

Mtasema fedha hakuna. Bajeti ya hafla ya maadhimisho ilisomwa kwenye mkutano, nasi tulisikia gharama ya ukumbi, mapambo na bendi. Kupiga picha karatasi kwa simu na kuzihifadhi hakufiki hata robo ya bendi. Vijana wa vyuo vya utalii wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wapeni meza, wapeni chai, wafungue maboksi.

Mtasema hiki ni kitabu cha kumbukumbu tu, si historia. Basi kiiteni albamu, na neno "Historia" liondoke kwenye jalada. Kikishachapwa na kugawiwa kwa mabalozi na wizara, mwanafunzi wa kesho atakinukuu kama kilivyo, na nyie mtakuwa mmeshastaafu.

Mtasema mambo mengine ni nyeti, kuna wakubwa watakwazika. Nakubali kwamba si kila barua ni ya kuanikwa. Lakini mpaka wa 1977 ni nyeti kwa nani leo? Makubaliano ya 1985? Kodi iliyosomwa bungeni redio ikitangaza? Unyeti huo ni wa kutojiandaa.

Mtasema wazee wanasahau, kila mmoja ana toleo lake. Ndiyo maana wanahojiwa wengi, wakalinganishwa na karatasi. Mkisubiri wakubaliane, mtawakuta Njiro makaburini.

Na wapo watakaosema mimi nataka uongozi. Sitaki. Nimeshakuwa na umri wa kutaka kulala mapema.

Ninachoomba, kwa heshima zote, ni haya:

(a) Uchapaji wa kitabu usitishwe mara moja. Hafla iendelee, na kama lazima wageni wapewe kitu mkononi, wapewe kalenda.

(b) Maboksi yote yatolewe stoo ndani ya wiki hii, yaanikwe, yaorodheshwe, na orodha isomwe na mwanachama yeyote anayetaka. Kilichopotea kitajwe kuwa kimepotea.

(c) Iundwe kamati ndogo isiyo na mjumbe wa Bodi hata mmoja, yenye angalau dereva gaidi mmoja mstaafu, mwongozaji mmoja wa mlima, mpishi wa kambi, na mwenye kampuni ndogo. Iwarekodi wazee kwa sauti, Arusha, Moshi, Karatu na Mto wa Mbu, na wale waliofanya kazi TTC wasiachwe kwa sababu tu walikuwa wa serikali.

(d) Picha zote zilizomo kwenye rasimu zibandikwe ofisini na zirushwe kwenye makundi ya simu ya madereva, watu waliomo watajwe majina yao. Nina hakika yule mwenye mguu juu ya bampa atajulikana kabla ya saa sita mchana.

(e) Litengenezwe jalada moja la misimamo yote ambayo chama kiliwahi kuipeleka serikalini kuhusu ada, kodi, leseni, mpaka na barabara, pamoja na majibu. Liwe tayari kabla ya bajeti ijayo, maana Juni haimsubiri mtu na Julai mosi ni kesho yake.

(f) Wenzetu wa TATO, KATO na vyama vya Zanzibar na Uganda waandikiwe barua ya kuomba kubadilishana nyaraka. Historia ya Namanga haiwezi kuandikwa kwa kusikiliza upande mmoja wa geti.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mkutano mkuu ujao. Lisipokuja, nitaomba wanachama kumi waweke saini ili suala hili liwe ajenda kamili yenye namba yake, na safari hii lisomwe kabla ya mahesabu. Nimeshazungumza na baadhi yao. Saini hazitakuwa shida.

Maboksi naweza kuyabeba mwenyewe. Nina gari, na hii ni wiki ambayo halina wageni.

Wenu katika kazi,

Mwanachama,
Sakina, Arusha.

Nakala: Wadhamini wa Chama
Wanachama wote
Ubao wa matangazo, ofisi ya Chama